Meno ya Italia ya Mama Mkwe

Katika ploti yetu ya Maweni, hapa Malindi, tuko wapangaji sita, na kila mmoja ana kazi ambayo ndugu zake wa mashambani hawaielewi. Mimi nashona sare za wahudumu wa hoteli, basi kwetu inajulikana kwamba nina kazi kubwa hotelini. Lakini aliyeumizwa zaidi na kutoeleweka ni jirani yangu wa mlango wa pili, Mwaringa.

Mwaringa ni fundi wa meno ya bandia. Si daktari wa meno. Daktari ndiye anayechungulia kinywani, akang'oa, akachukua kipimo cha fizi; fundi hukaa maabara na kile kipimo, akatengeneza meno ya kuvaa na kuvua. Kazi hiyo aliisomea Nairobi miaka mitatu. Alipohitimu, kwao Ganze walichinja mbuzi wakamwita daktari. Akasimama akawaeleza tofauti yote, mwanzo hadi mwisho. Wakamsikiliza kwa makini, kisha baba yake mdogo akamjibu kwa niaba ya wote: "Tumekuelewa, daktari."

Tangu hapo akachangishwa kama daktari na kulipwa kama fundi. Kwenye matanga watu walitoa mia tano tano, jina lake likifikiwa mwenye kusoma anakohoa kidogo kisha anatamka elfu tano. Mshahara wake ulikuwa elfu thelathini kwa mwezi. Ukiisikia thelathini ukiwa Ganze, waona ng'ombe. Ukiwa Maweni waona kodi ya nyumba elfu tisa, tokeni za umeme, maji ya mkokoteni wakati mifereji imekauka, gesi, karo ya mtoto, na unga ambao bei yake hupanda wewe ungali kwenye foleni. Tena hiyo thelathini haikufika mkononi nzima. Ilikatwa bima ya afya, ikakatwa akiba ya uzeeni, ikakatwa na ya ujenzi wa nyumba za bei nafuu. Kwa hivyo kila mwezi Mwaringa alijenga nyumba nafuu huku akilala katika nyumba ghali.

Mwajiri wake alikuwa Daktari Jimmy, mzaliwa wa Rabai, mtu mcheshi na mwenye mikono myepesi. Mwaka mmoja Daktari Jimmy alikwenda semina ya wiki moja huko Italia. Aliporudi alikuwa na skafu shingoni, katika joto letu hili, na neno "allora", yaani "haya basi" ya Waitaliano, mwanzoni mwa kila sentensi. Haikupita muda akabandika bango jipya mbele ya kliniki yake, kwenye barabara ya kwenda Casuarina: MENO HALISI YA BANDIA KUTOKA ITALIA.

Mgeni anaweza kucheka, lakini Malindi yetu Italia si jambo geni. Vijana wa ufuoni wamejua "ciao" kabla ya "good morning", na yuko mama sokoni anayehesabu maembe kwa Kiitaliano bila kukosea. Kitu kikisemwa kimetoka Italia, hapa mtu haulizi kama ni kweli. Huuliza bei. Na bei ya Daktari Jimmy, juu na chini, ilikuwa laki moja na arobaini.

Meno yenyewe yalitoka nyuma ya kliniki, katika chumba kilichokuwa jiko zamani za mwenye nyumba wa kwanza. Humo ndimo alimokaa Mwaringa na plasta yake, nta yake, mashine ndogo ya kusagia na feni iliyozungukia upande mmoja. Seti nzima aliweza kuimaliza kwa siku nne. Lakini ndege haiwezi kwenda Milano na kurudi kwa siku nne pamoja na kazi, kwa hivyo meno yaliyokamilika yalingoja ndani ya mkebe wa biskuti mpaka zitimie wiki tatu. Kisha Mwaringa aliyafunga katika kipande cha gazeti la Kiitaliano ambalo Daktari Jimmy aliliokota kwenye mkahawa wa piza, akayatia kwenye boksi dogo, akayapeleka mbele huku ametokwa na jasho, kama mtu atokaye uwanja wa ndege.

Kwenye kitambulisho cha kazi hakuandikwa fundi. Aliandikwa Mpokeaji Mizigo.

Alipoomba nyongeza, Daktari Jimmy alimkalisha kwa upole. "Allora, ndugu yangu Mwaringa. Kazi yako naijua, na nakuombea dua kila siku. Lakini kwenye vitabu vyangu wewe ni mpokeaji mizigo. Mpokeaji mizigo gani Malindi hii analipwa zaidi ya thelathini? Mhasibu ataniuliza."

"Basi niandike fundi, Daktari."

"Nikikuandika fundi, Italia itafanya nini?"

Mwaringa akarudi jikoni.

Sisi wapangaji wote tulijua. Mkewe, Kabibi, alitusimulia tukiwa bombani, akatuapisha tusimwambie mtu, nasi hatukumwambia mtu ambaye hakuwa tayari anajua. Waliokuwa hawajui ni makundi mawili tu: walionunua meno, na watu wa kwao Kabibi, kwa sababu Daktari Jimmy alikuwa ameonya kwamba siri ikitoka, kazi nayo itatoka. Mama yake Kabibi ni mtu wa kusema. Kumpa siri ni sawa na kuipeleka redioni.

Huyo mama ni Kahonzi, wa Kakuyuni. Miaka thelathini aliuza nazi na maembe katika soko la Malindi, akasomesha watoto watano kwa ulimi wake. Nasema kwa ulimi, maana hakuna mnunuzi aliyewahi kumshinda kwa bei. Lakini meno yalimtoka moja moja, mpaka siku moja akasimama kwenye kikundi cha akina mama cha kanisa, yeye ndiye mwenyekiti, akasema "tusisahau sadaka", ukatoka upepo mtupu. Msichana mmoja akacheka. Kahonzi akaketi, akajifunika leso mdomoni, na kwa miezi mingi hakusimama tena.

Hilo liliwauma wanawe. Dzombo, kaka mkubwa wa Kabibi, mwenye duka la simiti Gede, akaita kikao cha familia Jumapili nyumbani kwake. Dzombo hupenda vikao. Hata chakula hukifungua kwa ajenda.

"Mama apate meno," alisema, "na si meno ya ovyo. Meno ya Italia. Laki moja na arobaini. Dada yetu Purity aliye Doha ametuma sitini. Mimi natoa ishirini. Wadogo hawa wawili watatoa kumi kumi. Iliyobaki ni arobaini, na tunashukuru Mungu kwamba katika familia hii tuna mkwe ambaye ni daktari wa meno."

Wakapiga makofi. Mwaringa, aliyekuwa ameshika kikombe cha chai, akakiweka chini.

"Kaka Dzombo, mimi nina wazo. Vifaa vya seti nzima havifiki hata elfu kumi na tano. Mimi mwenyewe naweza kumtengenezea mama."

Dzombo akamwuliza pole pole, kama mtu anayemwonea huruma mwenziwe: "Wewe kazi yako si kufungua yale maboksi?"

"Nilisomea, kaka. Miaka mitatu."

"Najua ulisoma. Hata mimi nilisoma kemia, lakini siwezi kumtengenezea mama dawa." Wote wakacheka, na mdogo mmoja akasema kwa sauti ya chini, lakini si ya chini sana, kwamba kuna watu hutafuta kila njia ya kukwepa mchango. Kabibi alimkanyaga mumewe mguu chini ya meza. Mwaringa akasema sawa, atatoa arobaini.

Kesho yake alimwendea Daktari Jimmy kuomba kupunguziwa. Daktari Jimmy alimpa pole, akasema mama mkwe ni mama. "Lakini nikipunguza bei watu watajiuliza Italia imekuwaje. Nitakalokufanyia, nitakukata mshaharani elfu tano kila mwezi, wala sitakutoza riba." Ndivyo ilivyokuwa. Mwaringa akaanza kumlipa tajiri wake ili tajiri amlipe yeye kidogo kwa kazi atakayoifanya yeye mwenyewe. Kabibi aliponieleza, ilibidi niizime cherehani kwanza ndipo nielewe.

Kipimo cha Kahonzi kikaja jikoni. Na hapo likazuka jambo ambalo semina ya Italia haikulifundisha. Sisi Wagiriama tuna heshima ya ukwe. Mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni akamkazia macho, sembuse kinywani. Sasa Mwaringa alikuwa na fizi za mama mkwe juu ya meza, za plasta, juu na chini, zimefunuka. Siku ya kwanza alizifunika kwa kitambaa. Siku ya pili alizigeuza zikatazama ukuta, akafanya kazi kwa kupapasa. Nta ikakaa upande. Siku ya tatu akaufunga mlango, akasema kwa sauti, "Nisamehe, mama," akazigeuza, akazitazama.

Kabibi asema mumewe hajawahi kuhangaikia seti yoyote kama ile. Alichagua meno yasiyo meupe mno, ya mtu aliyeishi. Jino moja la mbele akalipandisha kidogo juu ya jirani yake, kama lilivyo la Kabibi, kwa kuwa watoto hurithi. Alipomaliza, akayatia kwenye mkebe wa biskuti, akangoja ndege.

Siku ya kuyavaa, Dzombo alifanya karamu Kakuyuni. Palikuwa na turubai, viti vya kukodi na pilau. Mchungaji aliombea meno. Aliwaombea Wazungu walioyatengeneza, mikono yao ibarikiwe, watoto wao wasikose chakula. Mwaringa alisema amina kwa nguvu, kwani mtoto wake alikuwa amerudishwa nyumbani kwa karo wiki hiyo hiyo.

Kahonzi akasimama. Akatoa leso mdomoni, akatabasamu, na akina mama wa kikundi wakapiga vigelegele mpaka kuku wakaingia vichakani. "Sasa," akasema, na hiyo sa ikatoka safi kama sarafu mpya, "sasa sadaka!" Mimi nilikuwapo, nilimshonea gauni. Sitaficha kwamba nililia. Nilipomtazama Mwaringa alikuwa amekaa viti vya nyuma, anatabasamu peke yake, na kwa dakika ile nadhani hata ile arobaini haikumuuma.

Tena Kahonzi akaletewa hindi la kuchoma, akaling'ata mbele ya watu. Alikula lote. Lakini Kabibi aliona namna alivyokuwa akitafuna upande mmoja, na jioni mama akamnong'oneza: "Haya meno ni mazuri, ila huku chini kushoto yanidunga. Nafikiri Italia hawana mahindi."

Akavumilia siku kadhaa, kisha akapanda tuktuk hadi kliniki bila kumwambia mtu. Daktari Jimmy alikuwa ametoka. Msichana wa mapokezi, aliyefunzwa vizuri, akampokea kwa heshima, akayaosha meno, akayatia kwenye bahasha.

"Tutayatuma Italia yarekebishwe, mama. Uje baada ya wiki tatu."

"Wiki tatu nikae hivi?"

"Ndiyo safari yake, mama."

Kahonzi akatoka akiwa amejifunika leso. Jua lilikuwa kali, akataka maji, akazunguka nyuma ya jengo kutafuta mfereji. Dirisha la jiko lilikuwa wazi kwa sababu ya joto. Ndani alimwona mwanamume mwenye miwani ya plastiki, ameinamia mashine, anasaga kitu cha rangi ya waridi. Ile bahasha ilikuwa pale mezani, imechanwa.

Mashine ikazima. Mwaringa akainua kichwa, wakakutana uso kwa uso: yeye ameshika meno ya mama mkwe, na mama mkwe hana jino hata moja kinywani. Haijulikani ni nani aliyeona haya zaidi.

"Mkwe," akasema Kahonzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akakitazama kile chumba, feni, plasta, mkebe wa biskuti, magazeti. "Kumbe hapa ndipo Italia."

"Ndiyo, mama. Ndipo hapa."

Akaingia, akaketi kwenye kiti cha pekee. Mwaringa akasimama na macho yake akayatupa sakafuni. Kahonzi akaanza kuuliza, na mtu aliyeuza nazi miaka thelathini akiuliza, utajibu. Nani huyatengeneza? Mimi, mama. Yote? Yote. Na haya yangu? Na hayo. Walipwa nini? Akamwambia. Na ile arobaini yako ya mchango, ulitoa wapi? Akamwambia vile vile, kwamba angali anakatwa.

Mabega ya Kahonzi yakaanza kutikisika chini ya leso. Mwaringa alidhani analia, akataka kumfariji, hajui kwa heshima gani. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka akashika meza.

"Mulungu wangu! Mchungaji amewaombea Wazungu, na wewe umekaa pale unaitikia!"

"Nisamehe, mama. Nilikatazwa kusema."

"Ulifanya vizuri kutosema. Na usiseme." Akaacha kucheka. "Dzombo asijue. Mchungaji asijue. Kikundi changu ndio wasijue kabisa. Nimeshawaambia ni ya Italia, na yule mke wa mzee wa kanisa hajalala tangu siku hiyo. Wataka niwaambie nini, kwamba yametoka jikoni kwa mkwe wangu?"

"La, mama."

"Haya. Leta hayo, unitie."

Kwa vile kinywa kilikuwa pale pale, kazi iliyohitaji wiki tatu ilichukua nusu saa. Mwaringa alisaga kidogo, akampa mama, mama akavaa, akauma meno, akasema bado, naye akasaga tena. Heshima ya ukwe waliiweka kando ya dirisha kwa muda, na kila mmoja alijifanya haioni ilipo.

Alipokuwa akijaribu mara ya mwisho, Daktari Jimmy akatokea mlangoni. Skafu ilimlegea.

"Allora," akasema.

"Shikamoo yangu nasubiri," akasema Kahonzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, daktari mwanangu. Keti. Hakuna kiti, basi simama. Mimi ni mwanamke wa soko, sina maneno mengi. Naona mkwe wangu ni Italia nzima, peke yake, na feni moja. Italia nzima yalipwa elfu thelathini?"

Daktari Jimmy akaeleza habari za vitabu na mhasibu. Akaeleza kodi ya jengo, leseni, bei ya vifaa kutoka Mombasa, dola. Kahonzi alimwacha amalize, kama alivyowaacha wanunuzi wote wamalize.

"Vyema. Pale mbele nimeacha watu watano kwenye benchi. Nina meno sasa, naweza kusema vizuri. Nikaketi nao niwasimulie nilivyosafiri Italia kwa miguu, bila paspoti?"

"Mama, tusifike huko. Nitamwongeza elfu mbili."

"Elfu mbili ni bei ya nazi. Sema bei ya meno."

Walianzia hapo. Mwaringa alisimama katikati akiwatazama kwa zamu, kama mbuzi siku ya mnada. Kahonzi alitaja kumi na tano, daktari akashika kichwa, daktari akataja tatu, Kahonzi akakusanya leso yake aondoke, akaitwa, akarudi. Waliishia nyongeza ya elfu saba, na yale makato ya arobaini yafutwe kuanzia siku hiyo. Tena Kahonzi, tayari yuko mlangoni, akaongeza kwamba dada yake wa Jilore naye ana mapengo mawili.

"Na mimi napata nini, mama?" akauliza Daktari Jimmy kwa unyonge.

Kahonzi akamwonyesha meno yote, juu na chini. "Hili bango lako la mbele halitembei. Mimi natembea."

Neno lake alilitimiza. Alitembea na yale meno kila penye watu, kuanzia Kakuyuni hadi Gede, na kila aliyeuliza alijibiwa: "Italia. Laki mbili." Bei alipandisha mwenyewe, kwani miaka thelathini sokoni haimtoki mtu. Daktari Jimmy aliposikia bei hiyo imeshaenea bila yeye kuitangaza, aliona ni utovu wa adabu kumfanya mama wa watu aonekane mwongo. Meno yakawa laki mbili.

Hapa ploti kwetu tulifurahi. Mwezi wa kwanza wa nyongeza Mwaringa alilipa karo, akanunua gesi mtungi mzima, na Kabibi akapika kuku siku ambayo haikuwa sikukuu. Kahonzi alikuja kuwatembelea wajukuu, akaketi uani anatucheka sote. Na siku hiyo hiyo ndipo alipokuja mwenye nyumba wetu, Bi Zuleikha.

Bi Zuleikha ni mama wa Shella, mwenye umri wake, msemi wa Kiswahili kizuri mpaka akikudai kodi unahisi amekutunukia kitu. Alipomwona Kahonzi akicheka alisimama.

"Mashallah! Dada yangu, hebu niwie radhi, meno hayo umeyapata wapi?"

Kabibi alijaribu kumwita mama yake jikoni. Alichelewa.

"Italia," akasema Kahonzi. "Laki mbili."

Bi Zuleikha akapitisha ulimi mahali ambapo magego yake yalikuwa zamani. Akatushukuru, akaenda zake. Haukupita mwezi akarudi, akatukusanya uani, akauliza hali ya kila mtu, na ya watoto, na ya wazee walio mashambani.

"Wanangu," akasema, "nyinyi kwangu si wapangaji, ni jamaa. Na jambo la jamaa hushirikiana. Nimeona niwaarifu kwa mdomo wangu mwenyewe, wala si kwa karatasi, kwamba kuanzia mwezi ujao kodi itakaa vizuri zaidi ikiwa elfu kumi na tatu."

Alivyolisema hilo "itakaa vizuri zaidi", fundi wa viatu wa mlango wa nne alimjibu asante kabla hajajua kilichomgonga.

Baadaye Mwaringa aliketi kwenye ngazi yangu akahesabu kwa vidole. Elfu nne zimekwenda na kodi. Nauli ya mtoto imepanda. Unga, mafuta ya kupikia, maji. Ile saba ilikuwa imekuja nyumbani kama mgeni, ikanywa chai, ikaondoka.

"Na wajua anafanyia nini hiyo kodi?" akaniuliza.

"Najua," nikasema. "Wapangaji sita, elfu nne nne. Kabla ya mwaka kwisha atakuwa amepata laki mbili zake na chenji."

"Kipimo chake kiko mezani kwangu tangu juzi, Mama Hope."

Nilimshauri amwambie Bi Zuleikha ukweli. Alifikiri, akatikisa kichwa. "Akijua yanatoka jikoni, atataka apunguziwe meno. Kodi je, atapunguza?" Mimi nimepanga nyumba tangu nikiwa msichana, na sijaona kodi ikishuka ngazi. Mwaringa akayatengeneza meno ya Bi Zuleikha, tena vizuri, maana kosa la kodi si la fizi. Sisi wapangaji wote tukayalipia. Nikimwona Bi Zuleikha akitabasamu siku hizi, huwa nalitafuta jino langu.

Baada ya hapo wateja walizidi. Wakaja kutoka Kilifi mjini, wakaja Waitaliano wenyewe, wazee wastaafu, ambao waliona kwamba meno ya Italia ni rahisi Malindi kuliko Italia. Mmoja aliyasifu sana, akasema kwao siku hizi hakuna tena mafundi kama hawa. Daktari Jimmy akamwita Mwaringa ofisini, akafunga mlango.

"Allora. Nimefikiri jambo. Kuna matajiri wa Vipingo na wa Watamu ambao kwao Italia imekuwa kitu cha kila mtu. Tutafungua daraja la juu. Meno ya Uswisi. Laki tatu na nusu."

"Uswisi nayo iko wapi, Daktari?"

"Pale pale jikoni. Nitakununulia koti jipya la kazi."

"Na mshahara?"

"Mwaringa, ndugu yangu, si juzi tu nimekuongeza? Vitabu vitasemaje?"

Kabibi asema mumewe alikuwa amejiandaa kukasirika. Lakini alipofungua kinywa, ilitoka sauti ya utulivu asiyoijua, ya mtu wa sokoni.

"Sawa, Daktari. Pesa acha. Ila nimesoma kwamba Uswisi hawafanyi kazi Jumamosi."

"Nani kasema?"

"Siku hiyo hata kengele ya kazi hawapigi. Mzungu wa Vipingo akija Jumamosi akasikia mashine ya Uswisi inanguruma nyuma, atashangaa."

Daktari Jimmy akaivua skafu, akajipangusa nayo jasho, akaandika kwenye kalenda.

Basi sasa Jumamosi Uswisi iko Kakuyuni, imevaa kaptura, imeinama, inapalilia kunde katika shamba la Kahonzi. Kahonzi mwenyewe hukaa kivulini akielekeza, na kwa malipo humpa mkwewe muhogo, mahindi, mchicha na nazi, mzigo unaowatosha chakula karibu wiki nzima. Kabibi asema ndiyo nyongeza pekee ambayo haijapata kukatwa kitu.

Mzigo ukizidi, Mwaringa huuza kidogo hapa uani. Juzi nilinunua kwake fungu la kunde, shilingi thelathini. Nikamwomba anipunguzie, jirani na jirani.

Alikataa kabisa. Akasema shamba nalo lina gharama zake, akanihesabia mbolea, nauli, dola. Nikamlipa thelathini zake.